Metadata na Historia ya Uchanganuzi wa Kiswahili kwa Kompyuta

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alitoa modeli ya mofolojia ya ngazi mbili. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen aliitumia kuunda programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, akaieleza kwa makala mwaka 1992. Kazi hiyo ilikua ikawa SALAMA, mfumo uliotumika kuweka tagi katika Kongoo la Kiswahili la Helsinki.

Kanuni za FAIR za mwaka 2016 zinataka data ipatikane, ifikike, ioane na mifumo mingine na itumike tena. Mwaka 2022 zilitolewa kanuni mahususi za programu za utafiti. Uchanganuzi wa Kiswahili unadhihirisha sababu. Umbo “kaa” ni kitenzi, ni mnyama wa baharini, tena ni kipande cha makaa. Tagi yake ni uamuzi wa programu. Kanuni za programu zikirekebishwa, idadi ya nomino hubadilika ilhali matini ni yale yale.

Hivyo, metadata inayotaja kongoo pekee haitoshi. Pasipo toleo la programu, tarehe, leseni na kitambulisho cha kudumu, mtafiti hawezi kutenganisha badiliko la lugha na badiliko la kanuni.