Zuio la Kuuza Mahindi Nje: Nani Hubeba Mzigo?

Zuio la kuuza mazao nje ni amri ya serikali inayofunga mpaka kwa zao fulani ili chakula kibaki nchini na bei isipande. Tanzania imelitumia kwa mahindi mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2008, mwaka 2011 ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika, na mwaka 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoagiza kwamba anayetaka kuuza nje asage kwanza, auze unga.

Mkoani Arusha athari zake huonekana mapema, kwa kuwa Namanga, lango la kwenda Nairobi, iko kilomita zipatazo 110 tu kutoka mjini. Chukuliwe kwamba gunia la kilo 100 linauzwa Nairobi kwa thamani ya Sh 90,000 za Tanzania. Lori, upakiaji, vibali na faida ya mfanyabiashara vikila Sh 20,000, mkulima wa miteremko ya Meru anaweza kulipwa hadi Sh 70,000. Mpaka ukifungwa, anabaki na wanunuzi wa ndani pekee, na bei ikishuka hadi Sh 50,000 atakuwa ametozwa kodi ya Sh 20,000 ambayo hata senti yake haiingii hazina.

Anayenufaika ni mlaji. Familia ya mtaa wa Kwa Mrombo, Arusha, inayonunua mahindi kwa debe na kuyapeleka mashineni hupata nafuu ya kweli, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, nafuu hiyo humfikia mwenye nacho sawasawa na asiye nacho. Wakulima wengi wadogo nao huuza punde wakivuna ili walipe ada na madeni, kisha hununua chakula ghala likiisha. Zuio huwapunja siku ya kuuza. Aliyepunjwa msimu huu hupunguza mbolea na mbegu bora msimu ujao, na uhaba uliokuwa ukiogopwa hukaribia zaidi. Wakati huohuo mahindi huendelea kuvuka kwa njia za panya, na tofauti ya bei huishia kwa walanguzi na wapokea rushwa.

Njia mbadala zipo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unaweza kununua wakati wa mavuno na kuuza wakati wa njaa, mradi ulipe kwa wakati na kanuni zake zijulikane mapema. Ruzuku kwa kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) humlenga mhitaji bila kumgusa mkulima. Stakabadhi ghalani, yaani hati za mazao yaliyohifadhiwa ghalani, zilizowekewa sheria mwaka 2005, humwezesha mkulima kukopa huku akisubiri bei nzuri. Ushuru wa muda wa mauzo ya nje pia hushusha bei ya shambani, lakini biashara huendelea na mapato huingia hazina.

Kanuni za biashara za dunia huruhusu zuio la muda panapokuwa na uhaba mkubwa wa chakula. Basi libaki hatua ya mwisho, litanguliwe na takwimu za akiba zilizo wazi, na tarehe ya kuliondoa itangazwe siku linapowekwa.