Majina ya Mahali ya Uskoti na Suala la Kutoweka kwa Wapikti

1. Utangulizi

Mwanahistoria anayechunguza jamii isiyoacha maandishi mengi hana budi kutafuta mashahidi wengine. Atachimba ardhi, atasikiliza masimulizi ya wazee, atalinganisha lugha. Miongoni mwa mashahidi hao jina la mahali lina sifa yake ya peke yake: hutamkwa kila siku hata na watu wasiojua maana yake, na kwa njia hiyo huweza kuishi karne nyingi baada ya lugha iliyolizaa kufa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili na maana ya majina ya mahali ya Uskoti, si kwa kuyaorodhesha yote, bali kwa kuyauliza swali moja: Wapikti walikwenda wapi? Wapikti ni watu waliokaa kaskazini ya hori ya Forth. Waandishi wa Kirumi waliwataja tangu mwaka 297. Mwaka 685 waliwashinda Waangli wa Northumbria katika vita vya Dun Nechtain, na mwaka 731 mtawa Bede aliihesabu lugha yao kuwa mojawapo ya lugha tano za kisiwa cha Britania. Lakini kuanzia mwaka 900 tarihi za Ayalandi hazitaji tena mfalme wa Wapikti. Zataja mfalme wa Alba, na lugha ya utawala wake ni Kigaeli, ndugu ya lugha ya Ayalandi. Masimulizi yaliyoandikwa zaidi ya karne tatu baadaye yadai kwamba Wagaeli waliwaalika wakuu wa Wapikti karamuni, wakawaua kwa hila, na taifa lao likafutika. Kwa muda mrefu hadithi hiyo ilichukuliwa kuwa jawabu. Yafaa basi tuone kama majina yenyewe yaikubali.

2. Tabaka za lugha

Majina ya Uskoti yametokana na lugha tano kuu. Ya kwanza ni Kibritoni cha kusini, lugha ya ukoo mmoja na Kiwelisi. Glasgow ni glas na cau, yaani bonde la kijani kibichi. Lanark ni sawa na neno la Kiwelisi llanerch, uwanda ulio wazi katikati ya msitu. Penicuik ni kilima cha ndege kekeo. Ya pili ni Kipikti, ambacho kadiri ya ushahidi uliopo kilikaribiana sana na Kibritoni. Ya tatu ni Kigaeli, ambacho kimeacha majina karibu kila wilaya: yanayoanza na Bal- kutokana na baile, makao au shamba, na Kil- kutokana na cill, kanisa, na Dun-, ngome. Ya nne ni Kinorsi, lugha ya mabaharia kutoka Norwe: Wick ni ghuba, Lerwick ni ghuba ya matope, Dingwall ni uwanja wa baraza. Ya tano ni Kiingereza cha Northumbria, ambacho baadaye kilizaa Kiskoti.

Mara nyingine jina hutuambia pia msemaji alisimama wapi alipolitamka. Sutherland ni nchi ya kusini, ingawa imo kaskazini kabisa ya bara la Uskoti. Ajabu hiyo huondoka mara tukumbukapo kwamba waliolitoa jina walikuwa Wanorsi wa visiwa vya Orkney, na kwao nchi hiyo ilikuwa kusini kweli. Vivyo hivyo Dumbarton ni Dùn Breatann, ngome ya Wabritoni. Wabritoni wenyewe waliiita Alt Clut, jabali la mto Clyde, mpaka Wanorsi walipoizingira kwa miezi minne na kuiteka mwaka 870. Jina lililobaki ni lile lililotolewa na majirani. Mtu hahitaji kuiita ngome yake mwenyewe kwa jina la kabila lake.

3. Tahadhari juu ya kufanana kwa sauti

Kabla ya kuendelea yapasa kueleza kanuni tunayoifuata. Jina lisifasiriwe kwa umbo lake la leo, bali kwa umbo lake la kale zaidi lililoandikwa, na matamshi ya wenyeji na sura ya mahali penyewe vizingatiwe. W. J. Watson, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1926 juu ya majina ya Kikelti ya Uskoti, ndiye aliyeiweka kanuni hii katika msingi imara, na W. F. H. Nicolaisen aliiendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Mifano miwili yatosha kuonyesha hatari ya kuiacha. Katika Kiingereza jina Cape Wrath lasikika kama rasi ya ghadhabu, na kwa kuwa bahari ya huko ni kali, wengi wametosheka na maana hiyo. Asili yake ni neno la Kinorsi hvarf, yaani mahali pa kugeukia: hapo ndipo mabaharia walipogeuza vyombo vyao kufuata pwani. Mfano wa pili ni Edinburgh, ambalo zamani lilielezwa kuwa ni ngome ya Edwin, mfalme wa Northumbria aliyetawala tangu 616 hadi 633. Lakini maandishi ya kale yataja Eidyn na Etin, maumbo yasiyoweza kutokana na Edwin kwa kanuni za sauti. Wabritoni walisema Din Eidyn, ngome ya Eidyn; Wagaeli husema Dùn Èideann; Waingereza wakatafsiri neno la ngome kuwa burgh, wakaliweka mwishoni kama sarufi yao itakavyo. Mfalme aliingizwa katika jina baadaye, ili mji upate mwanzilishi.

4. Majina yaanziayo na Pit-

Sasa tuwarudie Wapikti. Mashariki ya Uskoti, kati ya hori ya Forth na nchi za kaskazini ya Inverness, yako majina yapatayo 300 yaanziayo na Pit-: Pitlochry, Pitmedden, Pittenweem na mengineyo. Katika Argyll, kitovu cha kale cha Wagaeli, majina haya hayapatikani, na kusini ya Forth ni machache mno. Eneo lake lalingana kwa kiasi kikubwa na eneo la mawe yaliyochorwa alama za Kipikti. Neno lenyewe, pett, lina maana ya kipande cha ardhi; ni ndugu wa neno la Kiwelisi peth, kitu, na kwa njia ya Kigaulia ni ndugu wa neno la Kifaransa pièce. Kigaeli hakikuwa na neno hilo kwa urithi, kwani lugha za tawi lake kwa kawaida hazina p mahali ambapo Kibritoni na Kipikti zinayo. Hivyo yadhihirika kwamba pett ni neno la Kipikti.

Lakini jambo lenye uzito zaidi limo katika sehemu ya pili ya majina haya. Pitmedden ni pett na meadhan, shamba la katikati. Pittenweem ni shamba la pango, na pango lenyewe liko mjini humo hadi leo. Meadhan na uaimh, pango, ni maneno ya Kigaeli. Hata kiungo kilicho katikati ya Pittenweem ni cha Kigaeli. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya majina haya yana kichwa cha Kipikti na mwili wa Kigaeli.

Twaweza kuyalinganisha na majina ya kisiwa cha Lewis. Mtaalamu wa Norwe Magne Oftedal, katika uchunguzi wake wa mwaka 1954, alionyesha kwamba kati ya majina 126 ya vijiji vya Lewis, 99 ni ya Kinorsi kabisa, ijapokuwa wenyeji husema Kigaeli. Katika Habost na Leurbost sehemu zote mbili ni za Kinorsi, na -bost, kutokana na bólstaðr, shamba, halimaanishi chochote katika Kigaeli. Majina hayo yalipokewa yakiwa mazima, kama mtu apokeavyo kisanduku kilichofungwa. Majina ya Pit- si hivyo. Hayo yalitungwa na watu waliojua maana ya sehemu zote mbili, kwa kuwa hakuna aunganishaye neno la katikati na neno asilolielewa.

5. Ushahidi wa maandishi

Kwa bahati njema hatukuachwa na majina ya ramani peke yake. Katika Kitabu cha Deer, nakala ndogo ya Injili iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watawa wa kaskazini-mashariki waliandika pambizoni, katika karne ya 12, maelezo ya Kigaeli juu ya ardhi waliyopewa. Humo twakuta Pett in Mulenn, shamba la kinu, na Pett Malduib, ambapo pett lafuatwa na jina la mtu. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa la Kigaeli, na lilitumika katika jambo nyeti kuliko yote, yaani mipaka ya mali.

Mabadiliko ya lugha yaonekana pia yakitendeka. Bede asema kwamba mwisho wa mashariki wa ukuta wa Antonino uliitwa Peanfahel kwa Kipikti na Penneltun kwa Kiingereza. Sehemu ya kwanza ni pen, kichwa au mwisho, neno la Kibritoni na Kipikti. Sehemu ya pili, ukuta, yaonyesha tayari f ya Kigaeli mahali pa gu ya Kibritoni. Nakala moja ya baadaye ya Historia Brittonum yatoa umbo la Kigaeli, Cenail, na leo pahali hapo paitwa Kinneil: pen imekwisha pisha ceann, kichwa kwa Kigaeli. Aidha hati moja ya Mfalme David wa Kwanza, aliyetawala tangu 1124 hadi 1153, yataja mahali paitwapo Inverin, na kueleza kwamba hapo awali paliitwa Aberin. Aber na inbhir yote mawili yana maana ya mlango wa mto, la kwanza la Kipikti na Kibritoni, la pili la Kigaeli. Aliyebadilisha moja kwa jingine alizielewa zote mbili.

Hata Pit- yenyewe iliendelea kubadilishwa. Pitlochry kwa Kigaeli cha leo ni Baile Chloichridh, na mengine mengi ni vivyo hivyo. Sababu moja ni kwamba katika Kigaeli neno pit lilikuja kuwa tusi la utupu wa mwanamke, nao watu wa heshima wakatumia tasifida.

6. Pingamizi na jibu lake

Huenda mtu akasema: ikiwa pett lilikopwa na Kigaeli, basi majina hayo yalitungwa na Wagaeli, nayo hayathibitishi kuishi kwa Mpikti yeyote. Pingamizi hili ni la haki. Sisi pia twasema bandari, neno la Kiajemi, na jina lenye neno hilo halithibitishi kwamba lilitungwa na Waajemi. Lakini mkopo una masharti yake. Hatukulipata neno bandari kutoka kwa watu waliokufa. Tulilipata kwa kupakia na kupakua shehena pamoja na wenye neno. Vivyo hivyo Wagaeli hawakukosa neno la shamba. Walikuwa na baile. Kama walilihitaji pett, ni kwa kuwa lilitaja kipimo au haki ya ardhi waliyoikuta, wakaiendeleza badala ya kuivunja. Mfumo kama huo hufundishwa na wenyeji walio hai, wajuao shamba lipi laishia wapi.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na vita wala dhuluma. Jina la mahali halitusimulii nani aliuawa. Latuambia tu kwamba palikuwa na vizazi vya watu wenye lugha mbili, na kwamba watoto wao wakaacha moja. Adomnán, aliyeandika karibu na mwaka 700, asema kwamba Mtakatifu Columba alihitaji mkalimani alipowahubiri Wapikti. Kutoka kwa mkalimani yule hadi hati za karne ya 12 ndipo palipo historia ya kutoweka kwa Kipikti. Hadithi ya karamu haihitajiki. Waliotoweka ni wasemaji wa lugha. Watu walibaki, wakabadili lugha.

7. Hitimisho

Somo hili latuhusu sisi pia, kwani majina ya Uskoti yamefika Afrika. Blantyre ya Malawi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1876, yachukua jina la kijiji alimozaliwa David Livingstone mwaka 1813, jina ambalo wataalamu hulifasiri kwa maneno ya Kibritoni blaen, mwisho, na tir, nchi. Ni wazi kwamba Wabritoni hawakupata kukaa Malawi. Jina laweza kusafiri peke yake, na mtafiti asiyeuliza lilifikaje atapotea.

Kwa upande mwingine, karibu na Nairobi iko Thogoto, palipojengwa misheni ya Waskoti mwaka 1898, na jina hilo huelezwa kuwa ni Scot katika matamshi ya Kikuyu. Maelezo hayo yapatana vyema na sauti za Kikuyu: s imekuwa th, vokali zimeingizwa kati ya konsonanti na mwishoni, nayo k imekuwa g mbele ya t, kama Kanuni ya Dahl ipasavyo. Hapa hakuna tafsiri wala mseto. Ni neno geni lililotiiwa na sarufi ya wenyeji, kama bólstaðr lilivyotiiwa na Kigaeli huko Lewis.

Basi twaweza kutofautisha hali tatu: jina lililosafiri, jina lililopokewa zima na kugeuzwa sauti, na jina lililotungwa kwa lugha mbili. Ni hali ya tatu tu inayoshuhudia kwamba watu wawili walikaa pamoja wakaelewana. Mtafiti wa majina ya nchi zetu, kabla hajaandika kwamba kabila fulani lilifukuzwa au liliangamizwa na jingine, na ayapange kwanza majina yake katika hali hizo tatu, kisha ahesabu ni mangapi yaliyo katika ile ya mwisho.