Upitishaji Hewa: Iingie, Itoke

Wakati wa korona tulihimizwa kukaa mahali penye mzunguko mzuri wa hewa. Nia ilikuwa njema, lakini istilahi hiyo inapotosha. Feni ya darini huzungusha hewa kutwa nzima, na chumba kikiwa kimefungwa, hewa hiyo ni ileile iliyokwisha kupumuliwa. Istilahi ya pili, "uingizaji hewa", inataja nusu ya kazi, kwani hewa haiingii sawasawa pasipo na pa kutokea. Ninapendekeza "upitishaji hewa": kutoa hewa chafu ya ndani na kuingiza safi ya nje, kwa kiasi kinachopimika.

Tofauti hii huonekana wazi kwenye viyoyozi vya ukutani vilivyojaa maofisini Dar es Salaam na Mombasa. Wengi huamini kwamba kile kipande cha nje huvuta hewa safi na kuileta ndani. Sivyo. Kinachopita kwenye mabomba ya shaba yanayounganisha vipande viwili ni gesi ya kupozea, inayochukua joto la chumbani na kwenda kulitoa nje. Kipande cha ndani huvuta hewa ya chumba, huipoza, kisha huirudisha humo humo. Ubaridi upo, hewa mpya hakuna. Ndiyo maana alasiri watu husinzia na kuumwa kichwa, na mwenye mafua huwaambukiza wenzake.

Mwaka 1858, mwanasayansi Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza kaboni dioksidi tunayoitoa tukipumua iwe kipimo cha ubovu wa hewa ya ndani, na kikomo kiwe sehemu 1,000 kwa milioni. Hewa ya nje leo ina sehemu 420 na ushei. Kipimo hicho kingali kinatumika, na kifaa kidogo cha kuweka mezani kinatosha kukisoma.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2021, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi. Tupige hesabu. Ofisi yenye urefu wa mita 6, upana 4 na kimo 3 ina mita za ujazo 72. Watu 6 wanahitaji lita 60 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 216 kwa saa. Hewa yote ya chumba hicho ibadilike mara 3 kila saa.

Kwa ofisi ya namna hii, dawa ni feni ya kutolea hewa upande mmoja na tundu la kuingizia upande wa pili, mbali na jenereta na choo. Katika majengo yenye mtambo mmoja mkubwa, vilango vya hewa ya nje mara nyingi hufungwa ili kupunguza umeme. Vifunguliwe, na vichujio visafishwe. Gharama ipo, maana hewa ya pwani huingia na joto na unyevu wake. Vipo vifaa vya kuipunguza: hewa baridi inayotoka huipoza ile inayoingia bila kuchanganyika nayo, na kwenye nchi za baridi hewa vuguvugu inayotoka huipasha ya nje.

Mwenye jengo anapoandika mkataba wa viyoyozi, asitaje ubaridi peke yake. Aandike pia lita za hewa safi kwa kila mtu, na asipokee kazi kabla hazijapimwa.