Mifarishi ya Wagonjwa

Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika, yenye sehemu tatu: uso, ambao mara nyingi ni viraka vya rangi nyingi vilivyoungwa pamoja, bitana, upande wa chini, na pamba iliyotandazwa katikati. Sehemu hizo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo ipitayo toka juu hata chini, ili pamba isisogee ikafanya mabonge. Watu wa pwani walijua neno hili tangu zamani, nalo lina asili ya Kiarabu, katika neno la kutandika. Walakini mifarishi tutakayoeleza habari zake hapa haikushonwa ili iuzwe, wala si ya kupambia kitanda cha bibi arusi. Imeshonwa na watu wasiolipwa, kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua, na hasa wagonjwa wa saratani.

Huenda msomaji akauliza: Je, hospitali hazina blanketi? Katika nchi ambazo kazi hii imeenea sana, hospitali zina blanketi tele. Basi kwa nini wanawake, na wanaume pia, wakae siku nyingi wakikata na kuunga vitambaa kwa ajili ya mtu asiyekosa cha kujifunika? Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa kuzifuata habari tangu zamani. Maana kazi hii haikuanza katika wingi. Ilianza wakati blanketi zilipokosekana.

Mwaka 1861 watu wa Marekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini, na vita vile vikadumu hata mwaka 1865. Serikali ya kaskazini haikuwa tayari kwa majeruhi na wagonjwa wengi namna ile. Katika mwezi wa Juni mwaka ule ule ikaundwa Tume ya Afya, ili iangalie usafi wa kambi na hospitali, na kukusanya vitu vilivyotolewa na watu wa nyumbani. Hata mwezi wa Oktoba Tume ikawaandikia wanawake wa nchi, ikitaja vitu vilivyohitajiwa. Na miongoni mwake ikataja mifarishi ya nguo za bei rahisi, urefu wake kama futi 7 na upana inchi 50. Tuangalie kipimo hicho, jinsi kilivyo chembamba. Si kipimo cha kitanda cha mume na mke nyumbani. Ni cha kitanda cha hospitali, alalapo mtu peke yake.

Wanawake wakaitika. Wanahistoria hukadiria ya kuwa mifarishi iliyopelekwa kwa askari wa kaskazini katika miaka ile ilikuwa kama 250,000. Katika yote hiyo, iliyosalia hata leo ni michache sana, kwa maana ilitumiwa hata ikachakaa, na mingine, yasemekana, askari walizikwa nayo.

Mmoja katika hiyo michache umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, mjini Washington. Ulishonwa mwaka 1863 katika mji wa Augusta, jimbo la Maine, na mwalimu wa shule ya Jumapili aitwaye Susannah Pullen, pamoja na wanawake wa darasa lake. Kila kiraka kikubwa cha mfarishi ule kilimalizwa peke yake, kikapindwa pindo zake, kisha ndipo vyote vikaungwa. Hivyo kila mmoja aliweza kushona sehemu yake nyumbani kwake. Juu ya viraka vyeupe waliandika kwa wino majina yao, na maneno ya Maandiko, na maneno ya kutia moyo. Tena wakaandika ya kuwa, askari ye yote atakayewapelekea barua ya heshima atajibiwa, na ya kuwa wangependa kujulishwa, hata kama hapana neno jingine, mfarishi umefika wapi. Mwisho wakaomba ya kuwa, ukiokoka vitani, urudishwe kwa mwalimu wao.

Na barua zikaja. Katika mwezi wa Novemba mwaka ule ule, sajini mmoja aliyekuwa katika hospitali ya Armory Square mjini Washington alimwandikia Bibi Pullen. Akasema ya kuwa ameuona mfarishi, ameyasoma maneno yaliyoandikwa juu yake, naye amepata furaha na faida. Na vita vilipokwisha, mfarishi wenyewe ukarudi Augusta.

Ewe msomaji, tutue kidogo hapa. Kama wanawake wale wangalitaka kumkinga askari na baridi tu, wasingalikuwa na haja ya wino. Nguo ingalitosha. Lakini walijua ya kuwa mtu alalaye hospitalini mbali na kwao ana baridi mbili, na ya pili haiondolewi na pamba. Kwa hiyo waliandika majina. Katika habari hii ya mwaka 1863 imo mbegu ya yote tutakayosema baadaye.

Katika vita kuu viwili vilivyofuata, haja ya blanketi ilirudi tena. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika vita vya kwanza, watu waliombwa washone mifarishi ya kutumia nyumbani, ili blanketi za sufu ziende kwa askari. Tena ilishonwa mifarishi mieupe yenye msalaba mwekundu, na watu wakatoa fedha kidogo kidogo ili majina yao yadariziwe juu yake. Fedha zikaenda kwa chama cha Msalaba Mwekundu. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945, wanawake wa Kanada walishona mifarishi mingi mno, ikapelekwa Uingereza kwa watu ambao nyumba zao zilivunjwa na makombora, na kwa hospitali pia. Mingi ilikuwa na kitambaa kidogo pembeni, chenye maneno ya kuonyesha ya kuwa ni zawadi ya Msalaba Mwekundu wa Kanada. Kuna watu Uingereza waliokuwa watoto wakati ule, wakaitunza mifarishi yao hata uzeeni.

Sasa tugeuke kidogo tutazame ugonjwa wa saratani, kwa maana pasipo kujua dawa zake hatuwezi kufahamu kwa nini mfarishi ulihama toka kwa askari ukaja kwa mgonjwa huyu.

Zamani saratani ilitibiwa kwa kisu, na baadaye kwa mionzi. Mwaka 1942 waganga wa chuo cha Yale walimjaribia mgonjwa mmoja dawa iliyotokana na hewa ya sumu ya vita, wakaona uvimbe wake ukinywea kwa muda. Mwaka 1948 mganga Sidney Farber wa Boston alitangaza habari za watoto 16 wenye saratani ya damu waliopewa dawa mpya. Watoto 10 kati yao walipata nafuu, ingawa ilikuwa nafuu ya muda tu. Toka mwanzo huo mdogo dawa zimeongezeka hata leo, na wagonjwa wengi wa namna fulani za saratani, watoto hasa, hupona kabisa.

Lakini kupona kwenyewe kuna njia ndefu. Dawa hizo mara nyingi hutiwa katika mshipa wa mkono, tone kwa tone, muda wa saa nyingi. Kisha mgonjwa hurudi nyumbani, na baada ya majuma machache huitwa tena. Hivyo miezi hupita, na pengine miaka. Mtu hukonda, nywele humtoka, damu yake hupungua, naye huona baridi hata wengine wanapoona joto. Iko dawa moja, iitwayo oksaliplatini, ambayo humfanya mgonjwa aumizwe na baridi kiasi cha kushindwa kushika chombo cha maji baridi kwa mkono mtupu. Basi msomaji aone: baridi ya mgonjwa huyu si maneno ya mafumbo. Ni baridi ya kweli, nayo humkuta akiwa ameketi kitini, mkono wake umefungwa mpira wa dawa, hawezi kuondoka.

Mwaka 1988, wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipowatisha watu mno, bibi mmoja wa jimbo la New Hampshire huko Marekani alianzisha kazi ya kushona mifarishi midogo kwa ajili ya watoto wachanga waliozaliwa na ugonjwa ule, ambao wengine walikuwa wameachwa hospitalini. Kisha, siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1995, gazeti moja la Marekani lilieleza habari za mtoto wa kike mwenye saratani ya damu. Mtoto huyo alisema ya kuwa kiblanketi chake alichokipenda ndicho kilichomsaidia kuvumilia dawa zaidi ya miaka miwili. Habari hiyo ilisomwa na Karen Loucks, aliyekaa karibu na mji wa Denver. Naye akaazimu kushona blanketi na kuzipeleka katika nyumba ya kutibia saratani ya watoto mjini mwake. Kazi ile ikapewa jina la Project Linus, kwa jina la mtoto wa katika picha za kuchekesha asiyeachana na blanketi lake; nayo imekwisha kugawa blanketi na mifarishi kwa mamilioni. Vikundi vingine vingi vimetokea baadaye, na vingine huwashonea watu wazima wenye saratani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Wengine hukata vitambaa, wengine huunga viraka, wengine hutandaza pamba na kushona tabaka zote, na mtu asiyejua kushona hupiga pasi au kukata nyuzi. Lakini kuna sheria, nazo ni kali. Nguo iwe ya pamba laini, iwezayo kufuliwa mara nyingi. Mfarishi ufuliwe kabla ya kutolewa, usiwe na manukato wala harufu ya moshi wa tumbako, wala pini isisahauliwe ndani yake. Maana dawa za saratani hupunguza chembe za damu zinazopigana na magonjwa, na harufu kidogo humtapisha mgonjwa; kidonda cha sindano, ambacho kwa mtu mzima wa afya si kitu, kwa huyu chaweza kuwa hatari. Hapa twajifunza neno kubwa: upendo usiojifunza hali ya yule apendwaye waweza kumdhuru. Mshonaji mwema huuliza kwanza wauguzi, ndipo hushika mkasi.

Wapo wasemao ya kuwa fedha za vitambaa zingefaa zaidi kununua dawa. Neno hili si la kudharauliwa. Mfarishi hauponyi saratani, wala hatukubali mtu aseme kwamba waponya. Mahali ambapo mgonjwa hana nauli ya kufika hospitali, nauli ndiyo mfarishi wake wa kwanza. Lakini twajibu ya kuwa viraka vingi hutoka katika masalio, na saa za mshonaji haziwezi kuuzwa dukani zikawa dawa. Tena mganga hutoa dawa kwa ugonjwa. Mfarishi hutolewa kwa mtu. Mgonjwa auchukuapo kwenda nao nyumbani, ukiwa wake daima, hajui aliyeushona ni nani, lakini ajua ya kuwa kuna mtu aliyeketi siku nyingi akimwaza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nasi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii. Mifarishi ya akina mama wa makanisa ya Kilutheri ya Marekani, ipelekwayo na shirika la Lutheran World Relief lililoanzishwa mwaka 1945, imefika hata Tanzania. Tena wagonjwa wa saratani tunao wenyewe. Huko Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani karibu na bahari mwishoni mwa karne ya 19 imekuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road tangu mwaka 1996. Na saratani hutibiwa pia Bugando mjini Mwanza, na KCMC mjini Moshi. Wagonjwa wengi hutoka mbali, nao hukaa majuma mengi wakitiwa mionzi, hali ndugu zao wamebaki shambani.

Hatusemi ya kuwa tuige kila kitu. Katika joto la Dar es Salaam mfarishi mnene wa pamba waweza kuwa mzigo, na kanga laini iliyofuliwa vizuri ikafaa zaidi. Lakini Moshi, katika baridi ya mwezi wa Julai, mgonjwa ataushukuru. Kila fundi cherehani ana kapu la vipande vya kitenge avitupavyo. Mwalimu wa kazi za mikono awezaye kuvikusanya, akaenda kwanza kuwauliza wauguzi wanachohitaji, ana somo la hesabu, la usafi, na la utu kwa pamoja. Na mtoto asiyejua ila kupiga bandi atapata mshono wake katika kazi hiyo.

Na wakimaliza, waandike majina yao kwa uzi katika pembe moja, kama walivyofanya wanawake wa Augusta. Yamkini barua haitarudi, kwa maana mgonjwa huwa amechoka. Lakini huyo alalaye peke yake usiku, akipapasa pembe ile kwa vidole, atayakuta majina.