Ethanoli ya Mahindi Nchini Marekani, 1973–2022: Tathmini ya Kihistoria ya Faida na Gharama Zake

Makala haya yanachunguza iwapo ethanoli itokanayo na mahindi imestahili gharama zilizotumika kuiendeleza nchini Marekani kama mbadala wa petroli. Hoja kuu ni kwamba nishati hiyo ilifanikiwa kumpatia mkulima soko, lakini manufaa yake kwa mazingira hayajathibitika.

Chimbuko la sera hiyo ni Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta. Mwaka 1978 Bunge lilisamehe ushuru wa senti 4 kwa kila galoni ya petroli iliyochanganywa na asilimia 10 ya ethanoli. Msamaha huo ulikuwa sawa na senti 40 kwa galoni moja ya ethanoli. Januari 1980 Rais Carter alizuia nafaka kuuzwa Urusi ya Kisovieti, na wakulima wakazidi kuhitaji soko la ndani. Hatimaye, sheria za 2005 na 2007 ziliweka viwango vya lazima. Sheria ya 2007 ililenga galoni bilioni 36 za nishati ya mimea ifikapo 2022, ambapo ethanoli ya mahindi ingehesabiwa hadi bilioni 15.

Wataalamu walitofautiana kuhusu mizani ya nishati. David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell alidai kuwa nishati inayotumika huzidi inayopatikana. Kinyume chake, Hosein Shapouri na wenzake wa Wizara ya Kilimo walikadiria mwaka 2002 kuwa kuna ziada ya asilimia 34. Tofauti hiyo ilitokana hasa na namna ya kuhesabu mbolea, mitambo na machicha yanayolishwa mifugo. Hata hivyo, ziada ya Shapouri yenyewe ni ndogo ikilinganishwa na ya miwa ya Brazili, ambayo makapi yake huchomwa kuendesha kiwanda.

Suala la ardhi ni zito zaidi. Katika miaka ya karibuni, takribani asilimia 40 ya mahindi ya Marekani imekuwa ikipelekwa viwandani kutengeneza ethanoli, ingawa karibu theluthi ya uzito wake hurudi kama chakula cha mifugo. Mwaka 2008 Timothy Searchinger na wenzake walionesha kuwa mahindi yakigeuzwa mafuta, misitu na mbuga kwingineko hulimwa ili kufidia nafaka hiyo, na hewa ukaa iliyohifadhiwa ardhini huachiliwa. Utafiti wa Tyler Lark na wenzake wa 2022 ulihitimisha kuwa hewa ukaa ya ethanoli hiyo si pungufu kuliko ya petroli. Wizara ya Kilimo ililipinga hitimisho hilo.

Msamaha wa kodi ulikoma mwishoni mwa 2011, lakini viwanda havikuanguka, kwa kuwa viwango vya lazima vilibaki na wachanganyaji wa petroli walihitaji ethanoli kuongeza oktani. Hivyo basi, ethanoli ya mahindi ina thamani kama kichanganyio, na imekuwa tegemeo la mkulima wa Iowa. Kama tiba ya tabianchi, haistahili shamba inalolikalia.