Kanisa la Uingereza na utumwa: Lilimiliki nani, linalipa nini?

Hapa Afrika Mashariki, wengi wetu tunalijua Kanisa la Anglikana kama kanisa lililopinga utumwa. Ukifika Mkunazini, Unguja, utaoneshwa Kanisa Kuu la Kristo lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, na utaambiwa kuwa altare iko pale uliposimama mti wa kuchapia watu.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili, na upo mbali na Zanzibar: kwenye mashamba ya miwa ya Barbados na kwenye vitabu vya hesabu vya London. Haya ndiyo mambo ya msingi ya kuyafahamu.

Kanisa liliwahi kumiliki watumwa?

Ndiyo. Mwaka 1710 tajiri mmoja, Christopher Codrington, alifariki na kuacha wosia. Mashamba yake mawili ya miwa huko Barbados, pamoja na watumwa waliokuwemo, yaende kwa SPG, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1701.

Shirika likapokea. Katika miaka ya mwanzo watumwa wa mashamba hayo walichomwa chuma cha moto kifuani, na alama iliyobaki mwilini ilikuwa jina la shirika lenyewe. Faida ya sukari ilisaidia kujenga na kuendesha chuo kinachoitwa Codrington hadi leo.

Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 120, hadi Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1834. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, lakini zikaenda kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. SPG nayo ilichukua mgao wake, zaidi ya pauni 8,000.

Na pesa za London?

Hiyo ni habari nyingine. Mwaka 1704 ulianzishwa mfuko wa Malkia Anne wa kuwasaidia mapadri maskini wa Uingereza. Mfuko huo uliweka pesa nyingi kwenye Kampuni ya South Sea, iliyokuwa ikisafirisha Waafrika kwenda kuuzwa katika makoloni ya Hispania huko Amerika.

Ripoti ya Kanisa ya Januari 2023 inasema kampuni hiyo ilisafirisha watu 34,000 katika safari zisizopungua 96. Mfuko wa Malkia Anne ulipokea pia michango ya matajiri waliohusika na biashara hiyo, akiwemo Edward Colston wa Bristol.

Mwaka 1948 mfuko huo uliunganishwa na chombo kingine, wakazaliwa Makamishna wa Kanisa, ambao leo wanasimamia mali ya zaidi ya pauni bilioni 10.

Kanisa limefanya nini hadi sasa?

- Februari 2006: Sinodi Kuu ilipiga kura kuomba radhi kwa vizazi vya waliofanywa watumwa. Codrington ilitajwa kwenye mjadala huo.
- Januari 2023: Makamishna walitangaza kutenga pauni milioni 100 kwa miaka tisa.
- Septemba 2023: USPG, shirika lililorithi SPG, liliahidi pauni milioni 7 kwa ajili ya Barbados. Kazi zake ni pamoja na maendeleo ya jamii, utafiti wa historia, kutunza makaburi ya watumwa na kuwasaidia watu kutafuta koo zao.
- Machi 2024: Kamati iliyoongozwa na Askofu Rosemarie Mallett ilisema milioni 100 hazitoshi, na kwamba lengo liwe mfuko wa pauni bilioni 1, Kanisa likishirikiana na wachangiaji wengine.

Watu watapewa pesa mkononi?

Hapana. Mpango wa Makamishna ni mfuko wa uwekezaji, ruzuku kwa jamii zilizoathirika na utafiti. Hakuna mtu atakayeandikiwa hundi kwa sababu babu wa babu yake alikuwa mtumwa.

Nani anapinga, na kwa nini?

Wapo wanaosema pesa za Makamishna ni za parokia na mapadri wa Uingereza, hivyo zisitumike kwa jambo jingine.

Hoja nyingine ni ya baadhi ya wanahistoria. Wanasema sehemu kubwa ya pesa zilizowekwa South Sea zilikuwa kwenye hati zilizolipa riba kutokana na deni la serikali, si faida ya kuuza watu. Ripoti ya Kanisa inasema walioweka pesa zao huko enzi hizo walijua kampuni inafanya biashara gani.

Ubishi huo hauigusi Codrington. Kule hakukuwa na hati wala riba: shirika la Kanisa liliwamiliki watu, likavuna jasho lao, likalipwa fidia walipoachiwa huru.

Zanzibar inaingia wapi?

Biashara ya watumwa ya Zanzibar ilikuwa nyingine, chini ya Sultani, na haikuhusiana na mashamba ya Barbados. Soko lake halikufungwa na Kanisa pia. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba kwa shinikizo la Uingereza. Wamisionari wa UMCA, waliokuja Afrika kwa wito wa David Livingstone, ndio walioanza kujenga kanisa mahali hapo mwaka huohuo, wakisimamiwa na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu.

Kinachounganisha ni hiki: mwaka 1965 UMCA na SPG ziliungana na kuwa USPG. Shirika moja likarithi yote mawili, kanisa la Mkunazini na alama za chuma cha moto za Codrington. Kwa miaka mingi lile la kwanza ndilo lililosimuliwa zaidi. Sasa yanasimuliwa yote, na kwa Barbados kiasi cha kulipa kimeshatajwa. Kitakachoangaliwa ni kama pauni hizo milioni 7 zitawafikia watu wanaoishi leo kwenye ardhi ambayo wazee wao waliilima bila malipo.