Djibril Diop Mambéty: Filamu ndefu mbili tu, jina halifutiki

Unaikumbuka ile picha ya Beyoncé na Jay-Z ya 2018, wako juu ya pikipiki yenye pembe za ng'ombe? Wazo hilo lina mwenyewe. Limetoka kwenye Touki Bouki, filamu ya 1973 ya Msenegali Djibril Diop Mambéty.

Alizaliwa 1945 Colobane, Dakar. Kusomea filamu hakusomea. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akafukuzwa kwenye kundi la Daniel Sorano, akashika kamera.

Touki Bouki inahusu wapenzi wawili, Mory na Anta, wanaosaka nauli ya Paris kwa njia yoyote, hata wizi. Siku ya safari Anta anapanda meli. Mory anageuka na kukimbia.

Halafu kimya. Miaka 19 bila filamu ndefu nyingine! Alirudi 1992 na Hyènes, ikashindanishwa Cannes. Saratani ya mapafu ikamuua Paris, Julai 1998, akiwa na miaka 53 tu.

Mwaka 2013, Mati Diop, binti wa mdogo wake Wasis, alitoa filamu kuhusu yule aliyeigiza Mory. Miaka 40 baadaye, jamaa bado yuko Dakar.